Émile Baudot, mtoto wa mkulima aliyeacha jina lake ndani ya hesabu ya mega

Kolwezi – Katika mitaa ya Dilala na Manika, malalamiko ni yaleyale. Mtu ananunua forfait ya intaneti, anaambiwa mwendo wake ni mega 10 kwa sekunde. Anapoanza kupakua video au faili ya kazi, simu inamwonyesha mega 1 na kitu kidogo. Anahesabu franka zake, anasema ameibiwa. Mwingine ananunua flash ya giga 64, anaichomeka kwenye kompyuta, na mashine inamwambia kuna giga 59 tu. Naye anasema ameibiwa.

Mara nyingine ni kweli, mtandao ni mbovu. Lakini mara nyingi hakuna aliyeiba: watu wawili wametumia kipimo chenye jina moja na maana mbili. Ili kuelewa jambo hili, inafaa kumjua mtu mmoja aliyekufa zaidi ya miaka 120 iliyopita, ambaye jina lake bado linatumika kila siku katika mambo ya mawasiliano. Anaitwa Émile Baudot, jina ambalo Wafaransa wanalitamka Bodo. Maisha yake yana kazi ngumu, ugonjwa, kesi mahakamani na hata mauaji.

Kutoka shambani hadi ofisi ya telegrafu

Jean-Maurice-Émile Baudot alizaliwa tarehe 11 mwezi wa tisa mwaka 1845 katika kijiji cha Magneux, eneo la Haute-Marne, mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa mkulima. Mtoto alisoma shule ya msingi ya kijijini tu, kisha akarudi kushika jembe pamoja na baba yake. Hakupitia chuo kikuu wala shule ya wahandisi.

Mwaka 1869, akiwa na umri wa miaka 23, aliingia katika utawala wa telegrafu wa Ufaransa kama mwanafunzi wa kazi. Wakati huo telegrafu ilikuwa ndiyo njia ya haraka kuliko zote ya kufikisha habari mbali. Umeme ulipita ndani ya waya, na mtu wa upande wa pili alisoma nukta na mistari ya Morse. Baudot alijifunza Morse, kisha akatumwa kwa mafunzo ya miezi michache juu ya mashine ya Hughes, iliyokuwa na uwezo wa kuandika herufi zenyewe kwenye karatasi. Mashine hiyo ndiyo iliyomfungua macho.

Vita kati ya Ufaransa na Prusia vilipolipuka mwaka 1870, alitumika jeshini kwa muda mfupi. Mwaka 1872 alikuwa tena kazini, mjini Paris. Huko wakubwa wake walimtia moyo atafute njia ya kupitisha ujumbe mwingi kwa waya mmoja. Walimwambia afanye utafiti huo, lakini kwa saa zake mwenyewe, baada ya kazi.

Waya uliokuwa ukilala

Baudot aliona jambo ambalo wengi walilipita bila kulitazama. Waya wa telegrafu uligharimu pesa nyingi: nguzo, chuma, shaba, wafanyakazi wa kuutunza. Lakini kati ya herufi moja na nyingine, waya ule ulikaa bure. Mkono wa mtu ni mzito kuliko umeme. Kwa hiyo muda mwingi waya ulikuwa umelala.

Suluhisho lake lilikuwa la kugawana zamu. Alitengeneza kifaa cha mviringo chenye brashi inayozunguka. Brashi ilipita mbele ya mfanyakazi wa kwanza na kuchukua herufi yake, ikapita kwa wa pili, wa tatu, wa nne, kisha ikarudi kwa wa kwanza. Upande wa pili wa waya, kifaa kingine kilizunguka kwa mwendo uleule na kugawa kila herufi kwa mashine yake. Kwa njia hiyo waya mmoja ulibeba ujumbe wa watu wanne au watano kwa wakati mmoja, bila kuchanganya.

Ili zamu ziwe sawa, ilibidi kila herufi ichukue muda sawa. Morse haikufaa, kwa sababu herufi moja ni fupi na nyingine ni ndefu. Baudot akaunda alfabeti mpya: kila herufi ina ishara tano, na kila ishara ni moja kati ya mbili, yaani umeme wa upande huu au wa upande ule. Ukizidisha 2 kwa 2 mara tano, unapata michanganyiko 32. Hiyo inatosha herufi zote, na kwa kutumia ishara ya kubadilisha ukurasa, inatosha pia tarakimu na alama. Leo tungesema kila herufi ilikuwa na biti tano. Yeye hakulijua neno biti, lakini kitu chenyewe alikuwa nacho mkononi.

Alipata hati ya uvumbuzi mwezi wa sita mwaka 1874. Mashine yake ilikuwa na vibonyezo vitano kama vya kinanda, viwili kwa mkono wa kushoto na vitatu kwa mkono wa kuume. Kifaa kilitoa mlio mdogo kumjulisha mfanyakazi kwamba zamu yake imefika, na alipaswa kufuata mapigo hayo bila kuchelewa, herufi 180 kwa dakika. Aliyechelewa, herufi yake ilikosa gari.

Medali iliyouzwa

Majaribio ya kwanza yalifanyika tarehe 12 mwezi wa kumi na moja mwaka 1877, kwenye njia ya Paris na Bordeaux. Kabla ya mwaka huo kuisha, mfumo ulikuwa unafanya kazi kati ya Paris na Roma, umbali wa kilomita karibu 1,700. 

Mwaka 1878, katika Maonyesho ya Dunia ya Paris, mtoto wa mkulima wa Magneux alipewa medali ya zahabu. Dunia nzima ya telegrafu ikamjua. Lakini sifa hazikuleta pesa. Utawala wake ulimpa msaada kidogo, na mara nyingi alilipia utafiti kwa mfuko wake mwenyewe. Mwaka 1880 aliuza ile medali ya zahabu ili aendelee na kazi.

Vyeo vilikuja: mkaguzi mwaka 1880, kisha inspekta-mhandisi mwaka 1882. Lakini mwili ulikuwa dhaifu. Tangu alipoanza kazi ya telegrafu alisumbuliwa na ugonjwa ambao haukumwacha hadi kufa. Kuna wakati alikosa kazini mwezi mzima.

Kesi iliyoishia kwa damu

Jambo lililomtesa zaidi lilikuwa ni swali la nani aliyeanza. Mfanyakazi mwingine wa telegrafu, Louis Victor Mimault, alikuwa naye amepata hati ya uvumbuzi mwaka 1874 kwa mfumo uliotumia ishara tano. Tofauti ni kwamba wa Mimault ulihitaji nyaya tano, waya mmoja kwa kila ishara, wakati wa Baudot ulipitisha zote tano, moja baada ya nyingine, kwa waya mmoja. Utawala ulikataa mashine ya Mimault na kuipokea ya Baudot.

Mwaka 1877 Mimault alimshitaki mwenzake. Mahakama ya Paris ilisikiliza wataalamu watatu wasiokuwa wa utawala wa telegrafu, na ikampa Mimault haki: alfabeti ya ishara tano ni yake kwanza, na kazi ya Baudot ni maboresho tu. Lakini hukumu hiyo haikumridhisha yeyote. Baadaye ilifutwa, na Mimault akaamriwa kulipa gharama zote za kesi.

Tangu hapo Mimault aliharibikiwa. Aliomba muda wa hati zake uongezwe, alipwe franka 100,000, na apewe nishani ya heshima ya taifa. Tume iliyoongozwa na Jules Raynaud, mkuu wa utafiti wa telegrafu, ilikataa. Mwaka 1888 Mimault alimpiga Raynaud risasi na kumwua. Alihukumiwa miaka 10 ya kazi ngumu na miaka 20 ya uhamisho.

Hakuna anayeweza kuhalalisha mauaji yale. Lakini kisa hiki kinabaki na uchungu wake. Watu wawili waliona wazo lilelile karibu wakati mmoja, mmoja akaipa dunia jina lake, na mwingine akafia katika aibu. Aliyelipa kwa maisha yake ni mtu wa tatu, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma faili na kutoa jibu.

Miaka ya mwisho

Baudot aliendelea kutengeneza. Mwaka 1887 mfumo wake ulijaribiwa kwenye kebo ya chini ya bahari, zile kebo ambazo kiini chake kilikuwa shaba tupu. Mwaka 1890 aliunganisha miji mitatu, Paris, Vannes na Lorient, kwa waya mmoja. Mwaka 1894 aliunganisha soko la hisa la Paris na lile la Milan kwa kifaa kipya kilichopokea ishara iliyochoka na kuituma tena ikiwa na nguvu mpya. Mwaka 1897 mfumo ulianza kutumia utepe wa karatasi uliotobolewa: mfanyakazi anaandika taratibu, kisha mashine inasoma matundu kwa haraka. Mwaka huohuo Uingereza iliupokea kwa njia ya London na Paris.

Utepe ule ndio ulioikutanisha telegrafu na uhifadhi. Miongo mingi baadaye, kompyuta za kwanza zilisoma programu zao kutoka kwenye karatasi yenye matundu.

Émile Baudot alikufa tarehe 28 mwezi wa tatu mwaka 1903, mjini Sceaux, karibu na Paris. Alikuwa na miaka 57. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1906, kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa, na shaba ya nchi yetu ikaanza safari yake kuelekea nyaya za dunia.

Jina linakuwa kipimo

Katika miaka ya 1920, wataalamu wa telegrafu wa nchi nyingi walikubaliana kuita kipimo cha mwendo wa ishara baud, kwa heshima yake. Baud moja ni ishara moja kwa sekunde.

Tuhesabu mashine yake yenyewe. Herufi 180 kwa dakika ni herufi 3 kwa sekunde. Kila herufi ni ishara 5, kwa hiyo mfanyakazi mmoja anatuma ishara 15 kwa sekunde. Wafanyakazi wanne kwenye waya mmoja ni ishara 60, yaani baud 60, bila kuhesabu ishara za kulinganisha mizunguko. Kwa mwendo huo, picha moja ya simu yenye mega 3 ingechukua siku 4 na saa 15 kufika.

Baadaye ikaja telex, iliyotumia alfabeti ya biti tano iliyotokana na ya Baudot, baada ya kurekebishwa na Donald Murray, mtu wa New Zealand. Wazee wetu waliofanya kazi katika maofisi ya migodi, benki na posta wakati wa Zaire wanaikumbuka: mlio wa mashine, na karatasi inayotoka yenyewe. Mwendo wake wa kawaida ulikuwa baud 50.

Hapa ndipo hesabu inapoanza kudanganya macho. Telex iliweka alama moja ya kuanza mbele ya kila herufi, na alama moja na nusu ya kumaliza nyuma yake. Kwa hiyo herufi ya biti 5 ilichukua nafasi ya 7.5. Gawanya 50 kwa 7.5, unapata herufi 6.67 kwa sekunde, au herufi 400 kwa dakika. Theluthi moja ya kazi ya waya ilikuwa ulinzi tu, si ujumbe.

Mchimbaji wa Kolwezi anaelewa jambo hili kuliko mtu yeyote. Anayefikisha mawe yake Musompo anajua kwamba tani moja ya mawe si tani moja ya shaba. Mnunuzi anatazama teneur. Kama ni asilimia 3, ndani ya tani hiyo kuna kilo 30 za shaba, na mengine ni udongo uliosaidia kubeba. Baud ni uzito wa gunia. Biti za ujumbe ni shaba iliyomo.

Modemu ziliongeza utata mwingine, safari hii kwa upande wa faida. Wahandisi walijifunza kupakia biti nyingi katika ishara moja. Modemu ya biti 2,400 kwa sekunde ilituma ishara 600 tu, kila moja ikibeba biti 4. Watu waliiita modemu ya baud 2,400, na walikosea. Ilikuwa baud 600. Jina la Baudot lilibandikwa mahali pasipo pake, na kosa hilo bado linasikika.

Hatua nne za kuhesabu

Basi, ndugu msomaji, mtu akikupa mwendo wa laini na wewe unataka kujua faili lako litachukua muda gani, fuata hatua hizi.

Kwanza, kama umepewa baud, zidisha kwa idadi ya biti zilizo katika kila ishara. Hapo unapata biti kwa sekunde.

Pili, toa biti za ulinzi. Modemu za zamani zilitumia biti 10 kwa kila herufi ya biti 8. Mambo haya hayajaisha: waya wa SATA unaounganisha diski ndani ya kompyuta unaandikwa giga 6 kwa sekunde, lakini nao unatumia biti 10 kubeba 8. Kwa hiyo kilichomo ni megaokteti 600 kwa sekunde, si 750.

Tatu, gawanya kwa 8. Watu wa mawasiliano wanahesabu biti, kama Baudot. Watu wa kompyuta wanahesabu okteti, na okteti moja ni biti 8. Sisi wa Kongo tuna bahati ya kuwa na maandishi ya Kifaransa: Mb ni megabiti, Mo ni megaokteti. Kwa Kiingereza tofauti ni herufi ndogo b na herufi kubwa B, rahisi kupita bila kuonwa. Megabiti 10 kwa sekunde ni megaokteti 1.25. Ndiyo ile mega 1 na kitu kidogo ya Dilala.

Nne, angalia kama kilo ni 1,000 au 1,024. Katika mawasiliano, kilo ni 1,000 daima. Katika kompyuta, wengi walizoea 1,024, kwa sababu ni 2 iliyozidishwa mara kumi. Mwaka 1998 shirika la viwango vya umeme, IEC, lilitoa majina mapya, kama kibi, mebi na gibi, kwa hesabu ya 1,024, lakini programu nyingi bado zinaandika giga. Flash ya giga 64 ina okteti bilioni 64 kamili. Ukizigawa kwa 1,024 mara tatu, unapata 59.6. Hakuna kilichopotea.

Tuchukue laini iliyounganisha ofisi na minara mingi ya simu kwa miaka mingi, ile inayoitwa E1. Ni mtoto halali wa Baudot: ina zamu 32 zinazozunguka kwenye waya mmoja, kila zamu biti 64,000 kwa sekunde. Jumla ni biti 2,048,000. Gawanya kwa 8: okteti 256,000 kwa sekunde. Kwa hesabu ya 1,000 ni kilo 256. Kwa hesabu ya 1,024 ni kilo 250. Wahandisi wawili wanaweza kubishana juu ya namba hizo hadi jioni, na wote wawili wana haki. Faili la megaokteti 700 kwenye laini hiyo, ikiwa haina mtumiaji mwingine, linachukua dakika 45 na nusu hivi.

Kwa nini jambo hili linatuhusu

Mkaaji anayejua kugawanya kwa 8 hawezi kudanganywa kirahisi, na pia hawezi kumshitaki mtu bure. Akiona megaokteti 1.2 kwenye laini ya megabiti 10, anajua amepata haki yake. Akiona 0.2 siku nzima, ana namba ya kupeleka mbele na kudai maelezo. Ni sawa na mchimbaji anayejua kusoma mizani na teneur kabla ya kupokea pesa: mnunuzi anamheshimu, na ugomvi unapungua.

Baudot alianza na shule ya msingi ya kijiji na jembe la baba yake. Alichokuwa nacho zaidi ya wengine ni kutazama waya uleule walioutazama wote na kuuliza unafanya nini wakati haufanyi kazi. Leo waya mwingi wa masafa marefu umeachia nafasi nyuzi za kioo, lakini kanuni ya zamu na ya ishara mbili haikubadilika. Shaba ya Lualaba bado inaondoka kila siku kwa malori kuelekea Kasumbalesa. Inafaa watoto wa mahali inapotoka wajue pia kuhesabu kinachopita ndani yake.